Digrii Tano za Abdu

Gisenyi, 7 Februari 1999

Shemeji Faradji,

Ni Mukasine anayekuandikia, mke wa ndugu yako marehemu Abdu. Najua utashangaa kuona mwandiko huu kwenye bahasha, maana tangu nilipokupa habari ya msiba sijaandika tena, na wewe pia umenyamaza. Sisi tu wazima. Uwineza wetu amekuwa mrefu kuliko mimi mama yake na anavaa viatu vyangu bila ruhusa. Njia ya Ruhengeri imetulia, mabasi yanafika, kwa hiyo nadhani barua hii nayo itafika.

Nina jambo. Unalikumbuka pipa la kuchomea nyama, na ile mashine ambayo Abdu aliitengeneza kwa kufuata barua zako: feni ya gari inayopuliza makaa, betri, na sindano mbili za kupima joto, moja ya ndani ya pipa, nyingine ya kuchomeka katikati ya nyama. Joto la pipa likizidi, feni inanyamaza, likishuka, inaamka. Mshale wa nyama ukifika kwenye mstari mwekundu, nyama imeiva. Kabla ya mashine, Abdu alikuwa akikata kwa kisu na kutazama mfupa, kama wachomaji wote wa mji huu. Baada ya mashine aliacha. Alisema kisu kinamwaga mchuzi bure, na mimi nilimcheka kwamba ameoa mke wa pili mwenye nyaya.

Yaliyotokea Oktoba 1997 unayajua pia. Ilikuwa walima wa binti wa Hadji Muhamadi, muuza vitambaa. Mshale ulifika kwenye mstari, nyama ikapakuliwa, na kwenye mifupa kulikuwa na damu. Muhamadi alisimama na sahani mkononi akasema mbele ya watu wote: "Hii nyama iko na damu. Ni kibudu. Mutu asikule." Watu wakaosha mikono, wakaondoka. Tangu siku hiyo Abdu akawa mtu aliyewalisha Waislamu mnyama asiyechinjwa. Mwezi uliofuata alikufa, na mpaka leo nikipita sokoni wapo wanaoshusha sauti.

Nataka kumsomea hitima tarehe 29 Agosti. Nitawaalika walewale, na watakula nyama kutoka pipa lilelile. Lakini mashine imechoka. Feni inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi, na kioo cha mshale kimepasuka. Niboreshee. Nataka iwe na namba, zile zinazowaka, ili Muhamadi asome kwa macho yake mwenyewe. Nyama ikitoka na damu mara ya pili, jina la Abdu nitakuwa nimelizika mimi.

Shemeji yako,
Mukasine


Dar es Salaam, 3 Machi 1999

Shemeji Mukasine,

Barua yako nimeisoma hapa kazini Kariakoo, mbele yangu redio sita zimefunguliwa matumbo na wenyewe wamesimama mlangoni wakinihimiza. Niliwaambia warudi kesho. Nimefurahi kupata habari zenu, na nimeumia pia.

Kwikwi ya feni naielewa. Abdu aliipa sehemu moja tu ya kuwakia na kuzimia, kwa hiyo joto likicheza kidogo nayo inacheza. Nitatengeneza bodi mpya: feni itazima joto likizidi kipimo kwa digrii tatu, na haitawaka mpaka lipungue chini ya kipimo kwa digrii tatu. Nitaweka namba nyekundu zinazoonekana hata mtu akisimama mbali, na kengele ndogo ya kulia nyama ikiiva. Sindano nitatengeneza mpya. Feni na betri zenu zinatosha.

Sasa niseme ukweli, wewe si mtoto. Nilimwandikia Abdu hivi: chemsha maji, zamisha sindano, na pale mshale unaposimama andika mia, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka sabini na mbili, hapo chora mstari wa nyama. Ndiyo namna ya kuifundisha mashine, na ni kazi ya dakika kumi. Kama angeifanya, nyama isingetoka na damu. Mdogo wangu alipenda njia za mkato tangu utotoni. Mama alikuwa akimtuma chumvi anarudi na sukari kwa kuwa duka la sukari lilikuwa karibu. Alipoandika kuniuliza kosa liko wapi, nilimjibu kwa ukali. Barua hiyo ilimfikia? Niambie tu ndiyo au hapana.

Faradji


Gisenyi, 4 Aprili 1999

Shemeji,

Abdu alipima. Sufuria niliishika mimi. Maji yalichemka mpaka yakaniunguza kidole gumba, na yeye alipiga magoti na kalamu nyekundu akisubiri mshale utulie, akiniambia nisipumue. Akaandika mia. Halafu akapima tena siku ya pili, na ya tatu, mpaka nikamuuliza kama tutakunywa chai au tutaipimia sindano.

Kwa hiyo hilo la njia ya mkato lirudishe ulikolitoa. Bodi naisubiri. Nimeshamwambia imamu kuhusu tarehe, na Muhamadi nimempelekea habari nyumbani kwake. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Mukasine


Dar es Salaam, 9 Mei 1999

Shemeji Mukasine,

Mzigo nimempa Protais, dereva wa lori la Kigali, ambaye ameniahidi kumkabidhi mtu wa Gisenyi. Bodi iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimeizungushia kanzu yangu kuukuu. Kanzu usiitupe, mpe mtu.

Fanya hivi. Nyaya nyekundu na nyeusi ziende kwenye betri, za kijani kwenye feni, za manjano ni za sindano. Usiogope, haiumi. Nimeipima hapa dukani kwa maji yanayochemka, imesimama kwenye mia bila kutikisika. Lakini safari ni ndefu na barabara ni mbaya, kwa hiyo ipime tena huko. Ikionyesha zaidi au pungufu ya mia, pembeni kuna skrubu ndogo ya shaba. Izungushe polepole mpaka isome mia. Nyama itoe kwenye sabini na mbili, si kabla.

Kuhusu Abdu na sufuria, nimekusikia. Lakini kama alipima vizuri, sielewi. Na swali langu la barua hujalijibu.

Faradji


Gisenyi, 6 Juni 1999

Shemeji Faradji,

Mzigo umefika salama, na kanzu nimeifua. Nyaya nimeziunga mwenyewe, Uwineza akisoma barua yako kwa sauti kama mwalimu mkali. Feni imepona kwikwi. Inapuliza, inatulia, inapuliza. Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu na kwa kweli nililia kidogo, maana ndivyo Abdu alivyotaka iwe na hakuweza.

Lakini namba zako zina kasoro. Nimeitumbukiza sindano yako kwenye maji yanayotokota, ikasoma tisini na tano. Nimeongeza makaa mpaka maji yakaruka nje ya sufuria: tisini na tano. Ndipo nikaleta mashine ya Abdu, nikaweka sindano yake ndani ya sufuria ileile, kando ya yako. Mshale ukaenda moja kwa moja mpaka mia, ukalala juu ya wino wake mwekundu.

Donc, yaani mashine ya ndugu yako, unayesema alizembea, inasema kweli, na ya kwako, fundi mkubwa wa Kariakoo, inadanganya. Nisamehe nikicheka. Skrubu sijaigusa, nasubiri neno lako.

Mukasine


Dar es Salaam, 27 Juni 1999

Shemeji,

Zungusha skrubu. Maji yanachemka kwa digrii mia. Hilo halibadiliki kwa kuvuka mpaka wala kwa kupanda lori. Bodi ilitikiswa njiani, basi. Izungushe mpaka isome mia, kisha tutakuwa tumemaliza.

Lakini umeniletea jambo ambalo limeninyima raha, na heri niliandike kuliko kulificha. Kama mashine ya Abdu inasoma mia kwenye maji yanayochemka, basi ilikuwa sahihi tangu mwanzo, nami nilimkosea kwa kumwita mzembe. Lakini kama ilikuwa sahihi, nyama ile ilikuwa imeiva. Na nyama iliyoiva haitoi damu kwenye mfupa, ila kama mnyama hakuchinjwa damu ikatoka yote. Naomba usinikasirikie. Mbuzi wale aliwachinja nani? Ulikuwepo?

Na barua yangu, Mukasine. Mara ya tatu nakuuliza.

Faradji


Gisenyi, 25 Julai 1999

Faradji,

Sijui kama nikuite shemeji leo. Mbuzi wale aliwachinja Abdu mwenyewe, uani kwetu, nami nilikuwa hapo. Nilimsikia akitaja jina la Mungu juu ya kila mmoja. Walikuwa watatu, na damu ilitiririka mpaka kwenye mfereji. Muhamadi alisema aliyoyasema akiwa na aibu ya wageni wake na sahani mkononi. Wewe umeyasema ukiwa umekaa, na kalamu, baada ya mwaka mmoja na miezi minane.

Unataka jibu la barua yako, lichukue. Ilimfikia. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Uliandika kwamba asiseme tena kwa watu kuwa wewe ndiye uliyemfundisha. Hakuninung'unikia. Aliniambia tu kwamba kuanzia sasa mbuzi atawafuata mwenyewe Bugeshi, kule mlimani, awatembeze kwa miguu hadi mjini mchana watu wakiona, na awachinje mbele ya msikiti, ili asiwepo wa kusema kitu. Nilimwambia njia za kule juu zina vita. Aliondoka siku ya tatu baada ya barua yako. Watu walipigana njiani, naye alikuwa njiani. Hukuniuliza alikuwa anafanya nini kule, nami sikukuambia, kwa sababu nilijua kitakachokupata.

Sasa nikueleze jambo jingine, kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza. Wiki iliyopita nilipanda Bugeshi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kaburini kwake. Aliyemzika ni Nyirahabimana, mama mmoja mfugaji aliyekuwa akimuuzia mbuzi. Yeye ni Mkristo na hakuwa na wa kumwelekeza, lakini alikuwa amemwona Abdu akiswali uani kwake, akakumbuka alikuwa anaelekea wapi, wakamlaza na uso upande huo. Nilimshika mikono.

Nilikuwa nimebeba bodi yako, betri na sindano, maana nilitaka kumchomea mbuzi kama shukrani. Nyirahabimana alikuwa na chungu cha maharage motoni tangu asubuhi. Nikamwambia kwa utani kwamba maharage yake ni ya mawe. Akacheka, akasema: "Hapa juu maharage inakawia. Moto iko mingi, maji inaruka, lakini haina nguvu. Ukishuka Gisenyi inaiva mbio. Kila mwanamuke anajua ile."

Nilichukua sindano yako nikaizamisha kwenye maji yake, yakitokota kabisa. Namba zikapanda zikasimama kwenye tisini na mbili. Nikarudi Gisenyi, nikachemsha tena sufuria yangu: tisini na tano. Bodi ni ileile na skrubu sijaigusa. Njiani haikutikiswa zaidi ya mimi nilivyotikiswa. Huko kwako imesoma mia. Wewe ni fundi, mimi ni mchoma nyama. Niambie mlima unafanya nini kwenye maji.

Mukasine


Dar es Salaam, 13 Agosti 1999

Mukasine,

Barua hii namkabidhi Protais mkononi, na nimemwomba kwa jina la watoto wake aifikishe kabla ya tarehe 29. Usizungushe skrubu. Kama uliizungusha, niambie haraka kwa simu ya posta. Bodi ni nzima. Ni mimi niliyekosea.

Nilifungua kitabu nilichosomea ufundi nikiwa kijana, kile ambacho ukurasa wake wa joto nimewasomea wanafunzi wangu wote. Kimeandika: maji huchemka kwa digrii mia, usawa wa bahari. Maneno hayo matatu ya mwisho nimeyapita miaka ishirini na mbili bila kuyaona. Naishi kando ya bahari. Kwangu maji yamechemka kwa mia kila siku. Nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa fizikia nikamsomea barua yako. Aliniambia kwamba kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanatokota kabla hayajapata joto kamili. Kwenu ni tisini na tano. Bugeshi ni tisini na mbili. Yule mama wa maharage alikuwa anajua kitu ambacho mimi, mwenye duka na kibao mlangoni, sikukijua.

Maana yake ni hii. Abdu alifanya nililomwambia, neno kwa neno. Maji yalikuwa tisini na tano, na mimi ndiye niliyemwagiza aandike mia. Tangu hapo mashine yake ilikuwa inasema zaidi ya kweli. Iliposoma sabini na mbili, nyama ilikuwa kwenye sitini na saba au sitini na nane. Karibu na mfupa, ambako sindano haikufika, joto lilikuwa chini zaidi ya hapo na nyama bado mbichi. Damu ile haikuwa ya kibudu. Ilikuwa ya mbuzi aliyechinjwa vizuri na kutolewa motoni mapema, kwa sababu kaka yake fundi hakusoma mstari wake hadi mwisho. Kama angebaki na kisu chake, angeona mwenyewe.

Na alipouliza kosa liko wapi, nilimjibu ni lake. Sijui nitakaa wapi na jambo hili. Usiku na mchana namwona amesimama mlangoni na karatasi yangu. Kosa la digrii lingeweza kumpata mtu yeyote. Ile barua ilikuwa ya kwangu peke yangu.

Naomba kitu kimoja. Siku ya hitima, kabla hawajala, isome barua hii mbele ya Muhamadi na watu wote, yote, pamoja na jina langu. Nyama ya mbuzi itoe kwenye sabini na nane, usiwe na haraka. Waache wajue ni nani.

Faradji bin Selemani


Gisenyi, 12 Septemba 1999

Shemeji Faradji,

Barua ilifika siku mbili kabla. Niliisoma jikoni peke yangu, kisha nikampa Uwineza aisome, kwa sababu inamhusu baba yake.

Watu walikuja, wengi kuliko nilivyopika. Muhamadi alikuja mwishoni na akakaa karibu na lango, kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Mbuzi wanne aliwachinja imamu mwenyewe asubuhi, watu wakiona. Namba zilikuwa zinaonekana mpaka barabarani. Baada ya dua, pipa likiwa bado limefungwa, niliomba ruhusa kwa imamu nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya wanaume wengi namna ile. Nilikuwa na sufuria ya maji yanayotokota, sindano ya Abdu na sindano yako. Nilizizamisha zote mbili, nikawaita waje wasome. Walisoma mmoja mmoja: ya Abdu mia, ya kwako tisini na tano. Nikawaeleza mambo ya mlima, na maharage ya Bugeshi. Wanawake walielewa kabla ya wanaume. Niliwasikia nyuma wakisema ndiyo, ndivyo yalivyo.

Muhamadi alikuja mbele ya sufuria wa mwisho, akasoma mara mbili. Aliniuliza kama Abdu alijua. Nikamwambia hapana, alikufa akidhani kosa ni lake. Yule mzee alishika ukingo wa pipa, nadhani lilimuunguza, hakutoa mkono. Halafu akawageukia watu. "Ile neno ya kibudu ni mi nilisema. Nilikuwa na aibu, nikatupa aibu yangu kwa mutu mwingine. Abdu alichinja muzuri. Leo naomba radhi kwa Mungu na kwa hii nyumba." Sindano yako nilikuwa nimeirudisha kwenye nyama; kengele ililia kwenye sabini na mbili, nikangoja, na namba ziliposoma sabini na nane nikamkatia yeye kwanza, pale kwenye mfupa. Palikuwa peupe. Alikula amesimama, akilia, na watu wakala.

Sasa nikwambie nilichokifanya, kwa sababu uliniomba kingine. Barua yako sikuisoma. Waliniuliza nani alimfundisha Abdu kuandika mia. Nilisema ni kitabu, kilichoandikwa na watu wa pwani. Uwineza, aliyejua, alinitazama. Jina moja la nyumba hii limezungushwa sokoni miaka miwili, nami najua uzito wake. Sikutaka kuwapa la pili siku ileile walipolirudisha la kwanza. Abdu naye asingetaka. Mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watu kwamba kaka yake ni fundi, hata baada ya barua ile uliyomkatazia.

Lakini usidhani kwamba hiyo ndiyo samahani. Mimi sina ya kukupa, nimetafuta moyoni sijaipata bado, na sitakudanganya. Uliyemkosea ni yeye, na yeye huwezi kumwandikia. Kwa hiyo njoo. Panda basi mpaka Kigali, kisha mpaka hapa. Nitakupeleka Bugeshi kwa miguu, kwa njia aliyopita yeye, na Nyirahabimana ataonyesha mahali. Mimi nitakaa nyumbani kwake na wewe utakwenda kaburini peke yako, useme unayotaka kusema, kwa mdomo wako na si kwa kalamu. Ukimaliza utarudi, tutakula.

Njoo na sweta, kule juu ni baridi.

Shemeji yako,
Mukasine